Gapi wangu ana tumbo kubwa, nimtenge?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina tangi la kioo la lita 40 na gapi wanne, wale samaki wadogo wa mapambo, majike watupu. Dume wao alikufa zaidi ya mwezi umepita. Sasa mmoja tumbo limejaa, na kwa nyuma, karibu na pezi la chini, pana doa jeusi. Kaka yangu anavua migebuka Kibirizi, yeye ananicheka, anasema samaki hubeba watoto mdomoni na huyo wangu ni mgonjwa tu. Jirani naye anasema nimtenge kwenye ndoo, nimtilie na chumvi. Nimsikilize nani?
Mama Mapacha, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, Mama Mapacha. Usimsikilize yeyote kati yao. Dalili ulizotaja ni za mimba, na mahali pake ni humo humo tangini.

Kaka yako anasema ya samaki anaowajua. Baadhi ya wale wadogo wenye rangi wanaokaa kwenye mawe ya Tanganyika hufumbata mayai mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Gapi ni mgeni hapa, asili yake ni kaskazini mwa Amerika Kusini na kisiwa cha Trinidad. Yeye watoto huwakuza tumboni, akawazaa hai. Na dume kufa kusikutie shaka: jike akishapandwa mara moja hutunza mbegu mwilini kwa miezi, akazaa tena na tena. Mjane huyo ana akiba.

Angekuwa amejaa maji kwa ugonjwa, magamba yangesimama, ungeyaona vizuri ukimtazama kwa juu. Yakiwa yamelala, tulia uhesabu. Mimba huchukua wiki nne hivi. Tangi langu liko dukani Ujiji ninapotengeneza redio, na wateja wanaosubiri ndio walinzi wangu, hivyo najua cha kuwaambia waangalie. Mwanzo tumbo huwa la mviringo. Siku zikikaribia hushuka na kufanya kona kwa mbele, kama kisanduku. Doa nalo hukolea. Mmulike ubavuni kwa tochi ya simu, taratibu, unaweza kuona vidoti vyeusi ndani ya ngozi: macho ya watoto hayo. Akianza kujitenga, kuacha chakula na kuhema haraka, basi ni saa tu zimebaki.

Hapo ndipo watu hukimbilia kumkamata kwa kinyavu. Jike wa siku hizo akisumbuliwa anaweza kutoa watoto kabla ya wakati, wengine wamekufa. Ndooni hakuna chujio, maji yanachafuka upesi na usiku yanapoa. Vile visanduku vya kuzalishia vya plastiki sivipendi pia. Jike anageuka humo huku na huku hana pa kujificha.

Hatari kwa watoto ni mama yao na hao wenzake watatu. Watawameza. Kwa hiyo tengeneza kichaka. Chukua kiroba kisafi ambacho hakikubeba mbolea wala dawa, kifumue nyuzi, zioshe bila sabuni, funga fungu nene kwenye jiwe na ulizamishe kwenye kona moja. Fungu jingine liache lielee, maana watoto hupenda kukaa juu. Majani ya majini ni bora zaidi ukiyapata.

Chumvi achana nayo. Maji ya ziwa letu ni magumu na yana alkali, pH yake inakaribia 9, na gapi huyavumilia vizuri kuliko samaki wengi wa mapambo. Yachote mbali na maboti, kwa sababu ya mafuta. Kama unatumia ya bomba, ndoo ya jirani ina kazi hapo: yalaze siku nzima klorini itoke. Badilisha robo ya tangi kila wiki, si yote kwa mpigo. Joto la nyuzi 24 hadi 28 linamtosha, hita ya nini Kigoma?

Mlishe kidogo kidogo mara mbili tatu kwa siku. Viluwiluwi vya mbu anavipenda mno. Dagaa mkavu asiye na chumvi, aliyesagwa unga, pia anafaa. Watoto wake wape kiini cha yai la kuchemsha, kiasi cha ncha ya kijiti, kikibaki kitoe kabla hakijaoza.

Wanaweza kuzaliwa hata 30 au zaidi. Wakikuzidi, mpe mwenye pipa la maji ya bustani, watamlia viluwiluwi. Ziwani usiwamwage hata mmoja, na hilo mwambie na kaka yako.