Maswali na majibu: signali na sloti za Qt, wapi mnakwama

Haya jamani, meseji zimejaa mpaka basi, leo nachukua za signali na sloti tu maana ndo zinazowaumiza wengi. Wa database subirini. Kwa mgeni: Qt ni maktaba ya C++ ya kutengenezea programu zenye madirisha na vitufe, signali ni tangazo ambalo kitu kama kitufe kinatoa, sloti ni fanksheni inayosikiliza hilo tangazo, na connect ndo inaunganisha hivyo viwili.

Dada wa Kijitonyama: Kwanini nihangaike na signali wakati naweza kuita fanksheni moja kwa moja? Naona kama kuzungushana tu.

Kama programu yako ina dirisha moja na vitufe viwili, ita tu fanksheni, hakuna atakayekukamata. Ila fikiria, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, Wanorway walioanzisha hii Qt ikatoka kwa umma 1995, wangejuaje kama wewe una programu ya duka la dawa? Kitufe hakijui fanksheni yako inaitwaje. Kinachofanya ni kama konda pale Kariakoo anaita "Mbagala Mbagala", hajui nani atapanda, akipanda mmoja sawa, wakipanda watano sawa, asipopanda mtu nayo sawa. Kesho ukitaka kila mauzo yaandikwe pia kwenye logi unaongeza msikilizaji mwingine na kitufe hukigusi kabisa.

Kaka mwenye programu ya duka, Kariakoo: Mteja wangu akibonyeza Chapa inatoka risiti moja, akihudumia mtu wa pili zinatoka mbili, wa tatu tatu. Akizima na kuwasha inarudi sawa. Printa mbovu?

Printa haina kosa kaka, usije ukamnunulisha mtu printa nyingine bure. Zinavyoongezeka moja moja hivyo jibu unalo tayari, mahali fulani una kitu kama hiki:

`void Mauzo::fungua() {`
`  connect(ui->btnChapa, &QPushButton::clicked, this, &Mauzo::chapaRisiti);`
`}`

Kila fungua() ikiitwa unaunganisha tena juu ya ile ya zamani, na Qt haikuulizi wala haikuonyi, kwake yeye ni ruksa kabisa sloti moja kuunganishwa mara kumi na ataiita mara kumi. Toa huo mstari upeleke kwenye konstrakta (inapita mara moja tu, dirisha linapotengenezwa), basi. Kuna watu watakwambia weka Qt::UniqueConnection mwishoni, ni kweli inazuia kurudia kwa sloti kama hiyo, ila ukiwa umetumia lambda (fanksheni fupi isiyo na jina) haisaidii, na pia bado hutakuwa umejua kwanini connect yako inapitiwa kila mteja akija, kwahiyo mimi siipendi sana.

Ingekuwa zinatoka mbili tangu mteja wa kwanza na haziongezeki ningekwambia kaangalie jina la sloti. Ukiiita on_btnChapa_clicked, setupUi (ile inayopanga vitufe kwenye dirisha) inaiunganisha yenyewe kwa kufuata jina, ukiandika na connect yako tayari zishakuwa mbili. Hii imewatesa watu wengi sana aisee.

Mdogo wangu wa Mbagala, anatumia PyQt (Qt ya Python): Nina vitufe vya bidhaa nimevitengeneza ndani ya lupu, ila nikibonyeza chochote inakuja bidhaa ya mwisho.

Hiyo sio Qt, ni Python. Lambda yako inasoma i siku inapoitwa, na siku hiyo lupu ilishaisha zamani. Andika hivi: `lambda checked=False, i=i: self.ongeza(i)`. Hiyo checked usiiache, maana clicked inatuma True au False, ukiandika i=i peke yake hiyo False inaingia kwenye i na Python inaihesabu kama 0, utashangaa sasa kila kitufe kinaleta bidhaa ya kwanza.

Mkuu wa Ubungo: Nimetengeneza worker (objekti ya kufanya kazi nzito pembeni), nimefanya moveToThread aende kwenye thredi yake (njia ya kazi inayoenda sambamba na dirisha), thredi nimeiwasha, lakini ripoti ya mwezi ikianza dirisha linaganda vilevile.

Kwenye kodi uliyonitumia, ndani ya sloti ya kitufe umeandika `worker->tengeneza()`. Tatizo ni hapo hapo. moveToThread haihamishi fanksheni mkuu, inachobadilisha ni foleni ambayo objekti inapokelea kazi, sasa ukiiita mwenyewe kwa mkono inarani kwenye thredi iliyoita, yaani thredi kuu, yaani dirisha lako. Unganisha clicked moja kwa moja na &Worker::tengeneza, worker awe ndo mpokeaji. Signali ikitoka Qt inaangalia mpokeaji anaishi thredi gani, ikiwa hiyohiyo inamwita papo hapo, ikiwa nyingine inakopi vitu ulivyotuma inaviweka kwenye foleni ya kule na ivent lupu ya kule inavichukua ikipata nafasi. Ukiweka lambda bila kutaja mpokeaji umerudi palepale.

Na worker asiguse lebo wala progress bar hata kidogo, vitu vya kwenye skrini ni vya thredi kuu, yeye atoe signali tu ya asilimia, dirisha litajijaza lenyewe. Halafu kitufe chako cha Simamisha hakitafanya kazi kama worker yuko ndani ya lupu ndefu, maana signali itakaa kwenye foleni na hakuna wa kuisoma. Tumia requestInterruption kwenye thredi, na ndani ya lupu uwe unaangalia isInterruptionRequested.

Wale mnaorithi QThread (klasi ya Qt ya thredi) na kuweka sloti humo humo, jueni hiyo objekti inaishi kwenye thredi iliyoitengeneza, kinachorani kwenye thredi mpya ni run() tu.

Mwanachuo, Mlimani: Nimeongeza Q_OBJECT sasa inaniandikia "undefined reference to vtable".

moc, ile programu ya Qt inayosoma Q_OBJECT na kuandika kodi ya ziada, haijapita kwenye faili lako. Kama unajenga programu kwa qmake irani upya, ukiwa na CMake washa AUTOMOC.

Wa Tabata: Kwenye connect bado natumia SIGNAL() na SLOT(), ule mtindo wa zamani, kuna ubaya?

Zinafanya kazi, ila tangu Qt 5 ya 2012 unaweza kutumia ile ya & kama kwenye mfano wa risiti. Hapo ukikosea jina kompaila inakugomea mezani kwako, hizo zako zinakubali kimya, programu inawaka vizuri, halafu "No such slot" inaandikwa kwenye konsoli ambayo mwenye duka haioni, yeye anaona tu kitufe kimegoma na anakupigia simu Jumapili.