Kuinama mbele ya picha ya babu

Ndugu yangu, umeuliza kama umkataze rafiki yako Mchina anayejiandaa kubatizwa asiiname mbele ya picha ya marehemu babu yake. Usiharakishe. Matteo Ricci, mmisionari Mkatoliki kutoka Italia aliyeingia China mwaka 1583, alivaa joho la wasomi wa huko na kuzichukulia heshima kwa wahenga kama adabu ya familia. Baadaye Roma, yaani uongozi wa Kanisa Katoliki, ikazipiga marufuku heshima hizo. Mfalme Kangxi wa China akakasirika, na mwaka 1721 akapiga marufuku mahubiri ya Kikristo. Papa Pius XII aliruhusu nyingi ya heshima hizo mwaka 1939, zaidi ya karne mbili baadaye! Inaniuma, kwa sababu walioteseka zaidi ni waumini Wachina wenyewe. Kwanza muulize anamaanisha nini anapoinama, kisha someni Maandiko pamoja. Na wazazi wake nenda ukawasalimie.