Kabla hujagusa databesi, nenda kakae kwenye mizani

Wadau mnaotengeneza mifumo, hili jambo limenikaa moyoni siku nyingi. Nilipewa kazi ya kuchora modeli ya taarifa, yaani mchoro wa vitu ambavyo mfumo utavitunzia kumbukumbu na jinsi vinavyohusiana, ya chama kimoja cha wakulima wa zabibu huku kwetu Dodoma, nikajifungia mjini na laptopu siku tatu nikatoka na mchoro msafi, ule wa maboksi na mistari aliouleta mtaalamu wa kompyuta Peter Chen mwaka 1976. Mkulima, Shamba, Mzigo, Malipo. Nikaona kazi imeisha.

Kipindi cha mavuno nikaenda kituoni. Nikamuuliza karani wa mizani, mama mtu mzima, mzigo mnauandika wapi. Akasema, "Mzigo upi mwanangu? Wa mkulima, wa kituo au wa gari?"

Yani boksi langu moja lilikuwa vitu vitatu! Mkulima analeta kreti zake zinapimwa anaandikiwa stakabadhi, kituo kinachanganya na za wenzake, lori linapeleka kiwandani zinapimwa upya na kilo haziwi zilezile maana zabibu zinapoteza maji njiani na nyingine zinapondeka. Sasa mfumo ukijua mzigo mmoja tu, zile kilo zilizopungua anakatwa nani? Mkulima. Hapo ndo panaponiuma, we umekosea kuchora halafu mtu anakosa ada ya mtoto.

Na hayakuishia hapo. Niliweka msimu mmoja kwa mwaka, wakati zabibu hapa zinavunwa mara mbili. Wengine hawauzi hata zabibu, wanakamua wanauza mchuzi, na mchuzi unapimwa kwa lita.

Mwaka 1994 watafiti Lindland, Sindre na Sølvberg waliugawa ubora wa modeli sehemu tatu: iwe imefuata sheria za uchoraji, iseme ukweli wa kazi yenyewe, na wahusika waielewe. Mchoro wangu ulifaulu la kwanza tu, na ndo hilohilo programu nyingi za kuchorea zinalokukagulia, mengine ni miguu yako.

Siku hizi kila mstari naugeuza sentensi ya Kiswahili nawasomea: "Stakabadhi moja ni ya mkulima mmoja." Wakiitikia tu siridhiki, watu wanaitikia kwa heshima. Naomba stakabadhi halisi, hasa zile zenye madoa na zilizokatwakatwa kwa kalamu, najaribu kuziingiza kwenye mchoro moja moja, ikigoma hata moja nasimama hapo. Halafu nauliza, lini haikuwa hivyo?

Yule mama nilipomuuliza hivyo alifungua droo akatoa stakabadhi yenye majina mawili, ndugu waliorithi shamba la baba yao, hela wanagawana nusu kwa nusu na kila mmoja ana shamba lake jingine pembeni. Tukakaa naye mpaka jioni, na katikati ya Mkulima na Shamba nikachora boksi jipya nikaliandika Umiliki.