Tunataka kumleta paka nyumbani: tuanze na lipi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Watoto wetu wanatuomba paka, na mume wangu amekubali. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema paka huinajisi nyumba na akikanyaga mswala hapaswaliwi. Nami ni mjamzito. Je, inafaa kumfuga, na tujiandae vipi kabla hajaja?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu akujaalie uzazi salama.

Kufuga paka kunajuzu. Hadithi ya Malaika kutoingia katika nyumba yenye mbwa haimhusu paka, ingawa wengi huzichanganya. Kuhusu tohara, Kabsha bint Ka'b alimmiminia maji ya udhu mkwewe, Abu Qatada (r.a.). Akaja paka akitaka kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipoona Kabsha anashangaa, akamwambia kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaokuzungukeni. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Basi paka akikanyaga mswala, au akikatiza mbele ya anayeswali, swala haibatiliki.

Mkojo na kinyesi chake ni najisi, lazima paoshwe. Manyoya yanayomtoka, kwa madhehebu ya Shafi, ni najisi, ila machache husamehewa kwa kuwa ni vigumu kuyaepuka. Madhehebu mengine yanayaona tohara. Kung'uteni miswala na kuikunja baada ya swala, na hapo mtakuwa mmemaliza. Sanduku lake la mchanga liwekwe mbali na mnaposwalia na mnapopikia, tena liwe tayari kabla hajaingia, kwa sababu pale atakapoanza kujisaidia ndipo atakapoparudia.

Hayo ndiyo mepesi. Linalonishughulisha zaidi ni nani atakayemlisha.

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumpa chakula wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Huyo naye alikuwa na paka nyumbani, na kilichomwangamiza ni kumfungia mlango kisha kumsahau. Wanachuoni wetu wamesema chakula na maji ya mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki, na asiyeweza ampe mwingine au amwachie ajitafutie. Sasa, watoto watakuahidi kwamba wao ndio watakaomlisha. Wapeni kazi hiyo, ni malezi mazuri, lakini mtoto ambaye hajabaleghe hana taklifu, yaani hawajibiki kisheria. Siku akisahau bakuli la maji, dhima ni yenu wazazi. Kaa na mume wako mpange: nani atamlisha asubuhi, nani atasafisha mchanga, mkisafiri ataachwa kwa nani, akiugua fedha ya daktari wa mifugo itatoka wapi. Mkikosa jibu la moja kati ya hayo, subirini.

Wewe, kwa hali yako, usiguse mchanga wake. Kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo mumeo au mtu mzima mwingine asafishe kila siku, na paka asipewe nyama mbichi. Mweleze pia mkunga wako. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na mimba yako ina haki kabla ya paka.

Msimchukue paka akiwa mdogo mno. Masahaba walipochukua makinda ya ndege, mama yao akawa anapigapiga mbawa, Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa wanawe, akaamuru arudishiwe. Paka mdogo aachwe na mama yake walau wiki 8. Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo apewe chanjo, na ya kichaa cha mbwa isiachwe. Vitunguu maji, vitunguu saumu na dawa ya parasetamo viwekwe asipofika. Parasetamo humuua paka.

Watoto wafundishwe kutomvuta mkia, kutombeba kwa nguvu na kutomsumbua anapokula. Wasimulieni habari ya Abu Umayr, ndugu yake Anas (r.a.), aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kilipokufa, Mtume (s.a.w.) alimwona ana huzuni, akamwuliza kwa upole: "Ewe Abu Umayr, kimefanya nini kindege?" Hakumkemea kwa kulilia ndege. Nanyi pia msiwakemee wenu, kwani paka huishi miaka michache kuliko sisi.

Imebaki kwa mama mkwe. Usiende kumsomea hadithi kana kwamba mko katika mjadala. Mwache mumeo azungumze naye, kwani ni mama yake, tena kabla paka hajaletwa. Chumba chake na mswala wake paka asivifikie hata kama dalili iko upande wenu, maana kumstahi mama ni jambo kubwa kuliko kufuga paka, ambako ni mubaha tu, yaani jambo la ruhusa lisilo wajibu. Akiwa bado hajaridhia kabisa, ahirisheni mpaka ujifungue, kisha mlizungumze upya.

Wallahu a'lam.