Wazulu, Mazulu au amaZulu? Na Wangoni je?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mngoni wa Songea. Binti yangu wa kidato cha pili aliandika kwenye insha yake, "Wangoni ni Wazulu waliohamia Tanzania," akawekewa alama ya kosa bila maelezo. Nyumbani tumezoea kusema hivyo hivyo, na marehemu babu alikuwa akijiita Mzulu. Halafu naona wengine wanaandika Mazulu, wengine amaZulu, wengine "lugha ya isiZulu". Kiswahili sahihi ni kipi? Na yule mfalme ni Shaka au Chaka?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile jepesi. Kwa Kiswahili, mtu mmoja ni Mzulu, wengi ni Wazulu, na lugha yao ni Kizulu. Wenyewe husema umZulu, amaZulu na isiZulu. Isi- yao ndiyo ki- yetu, kwa hiyo anayeandika "Kiisizulu", na nimeshaliona hilo kwenye tangazo la kazi ya tafsiri, amevaa kofia mbili kichwa kimoja. Najua kwamba Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inataja lugha hiyo kwa jina la isiZulu, na kwamba wenyewe wanapenda wageni waite hivyo. Ombi hilo lina uzito kwa lugha zisizo na viambishi vya namna hii. Kiswahili kinavyo, na ki- inatoa heshima ile ile. Wazulu nao hawatuambii "Kiswahili". Wanasema isiSwahili, na hakuna anayekasirika.

Mazulu liache. Kwao ama- ni kiambishi cha kawaida cha mataifa: amaZulu, amaXhosa, amaSwazi. Kwetu ma- ina kazi nyingine. Ni kweli tunasema marafiki na makarani bila kumdharau mtu, lakini ukiiweka ma- mahali ambapo sikio linangoja wa-, unakuza au unabeza: majitu, matoto. Katika karne ya 19 watu wa pwani waliwaita wapiganaji wa Kingoni Mafiti na Magwangwara, na waliyatamka majina hayo kwa hofu. Sioni sababu ya kuwapa Wazulu wa leo jina lenye harufu hiyo.

Sasa insha ya binti yako. Mwalimu wake yuko sahihi, ingawa alipaswa kueleza, kwa sababu jambo lenyewe linawakwaza hata watu wazima. Jina Wazulu lina umri wake, na maana yake imekuwa ikipanuka. Zulu lilikuwa jina la mtu: Zulu kaMalandela, ambaye masimulizi yanasema alikuwa ndugu yake Qwabe. Kila mmoja akazaa ukoo wake. Kwa muda mrefu "watu wa Zulu" walikuwa ukoo mmoja, tena mdogo, kati ya koo nyingi za Kinguni (yaani za Wanguni, kundi la watu wa kusini mwa Afrika wenye lugha za karibu, wakiwemo Wazulu, Waxhosa na Waswazi) zilizoishi kati ya milima ya Drakensberg na Bahari ya Hindi. Waliokuwa na nguvu mwanzoni mwa karne ya 19 ni Wamthethwa wa Dingiswayo na Wandwandwe wa Zwide. Shaka alipomrithi baba yake Senzangakhona, yapata mwaka 1816, alirithi eneo dogo, na alilirithi kwa msaada wa Dingiswayo. Zwide alimuua Dingiswayo, kisha Shaka akamshinda Zwide. Tangu hapo watu wa koo zilizoshindwa au zilizojisalimisha walianza kuhesabiwa katika ufalme wa Wazulu. Ukiandika kwamba Dingiswayo alikuwa "mfalme wa Wazulu", umekosea kama ambaye angemwita Mkwawa mtemi wa Wanyamwezi.

Zwangendaba wenu, kiongozi wa mababu wa Wangoni, alitoka upande wa walioshindwa. Alikuwa wa ukoo wa Jere, chini ya Wandwandwe. Zwide alipoanguka, makundi kadhaa yalikimbia ili yasitawaliwe na Shaka. Soshangane alijenga ufalme wa Gaza katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Zwangendaba alivuka Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, akaendelea kaskazini hadi Ufipa, akafia huko katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika, na baadhi yao wakageuka kusini-mashariki hadi Songea, zikatokea falme mbili za Wangoni: Njelu ya akina Gama na Mshope ya akina Tawete. Hapo walikuta wengine wameshatangulia, Wamaseko, waliokuwa wamekuja kwa njia nyingine. Majina ya Gama na Maseko utayakuta hata leo Eswatini.

Kwa hiyo Wangoni na Wazulu wana asili moja ya Kinguni, lakini mababu zenu walihama hasa ili wasiwe Wazulu. Na hao waliofika walikuwa wachache. Njiani waliwachukua watu wa kila nchi waliyopita, na walipofika waliwaingiza Wandendeule, Wamatengo na wengine katika jamii yao. Sikiliza Kingoni cha Songea: ni ndugu wa karibu wa Kimatengo na Kindendeule. Kinguni cha mababu kilizama, yakabaki maneno ya utawala kama nkosi (mtawala) na nduna (msaidizi wa mtawala). Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, alikuwa nduna, na mji wenu una jina lake. Babu alipojiita Mzulu alikuwa akidai ukoo wa kivita wa kusini, na kumbukumbu hiyo ina thamani yake. Kwenye insha binti aandike: "Sehemu ya Wangoni ina asili ya Kinguni, na ilitoka kusini mwa Afrika wakati wa vita vya enzi ya Shaka."

Mipaka ya jina haikuishia kwa Shaka. Waingereza walipouvunja ufalme huo mwaka 1879, baada ya kuchapwa Isandlwana tarehe 22 Januari na kulipiza Ulundi tarehe 4 Julai, waliikata nchi vipande 13 vya machifu. Ungedhani jina lingekufa. Badala yake lilisambaa. Kusini ya mto Thukela, katika koloni la Natal, walikuwako watu wengi ambao hawakuwahi kuwa raia wa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu wa wakati huo, na miongo iliyofuata wengi wao walianza kujiita Wazulu. Bhambatha, aliyeongoza uasi wa kodi mwaka 1906, alikuwa chifu wa Wazondi huko huko Natal, na leo anakumbukwa kama shujaa wa Wazulu wote. Ndiyo maana nashauri hivi: ukizungumzia dola ya karne ya 19, andika "ufalme wa Wazulu", ukizungumzia wakati wa kabla ya Shaka, andika "ukoo wa Zulu", ukizungumzia mamilioni ya leo, "Wazulu" inatosha.

Kuhusu mfalme, andika Shaka. Vitabu vyetu vingi vya zamani vina Chaka, tahajia iliyotumiwa na waandishi wengi wa kale, lakini Wazulu wenyewe huandika uShaka. Baadhi ya wahariri wanaogopa kwamba msomaji ataona neno la mashaka. Herufi kubwa inaondoa hofu hiyo. Majina mengine yaache na c, q na x zake, hata kama hatuna baadhi ya herufi hizo: Cetshwayo, Qwabe. Hizo ni sauti za kidoko. Ile c hutamkwa kama mtu anayesikitika kwa kugonga ulimi nyuma ya meno. Si sauti ngeni kabisa nchini kwetu. Wasandawe na Wahadzabe wana vidoko vyao. Ukiandika "Setshwayo" umelitupa jina.

Usigeuze ka- kuwa jina la ukoo. "Shaka kaSenzangakhona" ni Shaka wa Senzangakhona, kama Wakikuyu wanavyosema Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwandishi anayeandika "Bwana Kasenzangakhona" amemwita mtu "Bwana Wajuma". Na KwaZulu ni "kwa Zulu", kama wakazi wa Dar es Salaam wanavyosema Kwa Azizi Ali. Jiji la Durban kwao ni eThekwini, na hiyo -ini ya mwisho ndiyo -ni ya mjini na nyumbani. Salamu ya kifalme, Wena weNdlovu, naamini umeshaielewa: wewe wa ndovu.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, lakini mtu wa Songea atalihitaji. Mmoja wa watawala wa kwanza wa Njelu aliitwa Zulu Gama, na Zulu ni jina la watu huko hadi leo. Ukitaja familia yenye jina hilo, sema "akina Zulu". Ukisema "Wazulu wamehamia mtaa wa pili", msomaji atatafuta pasipoti zao.