Jibu: Taa za chungwa zinaoza zikikauka, na je, ni nathi?

Salama dada. Umesema mmea wa bustanini kwako hapo Ujerumani una vifuko vya chungwa kama taa za karatasi, ukivikausha vinaota ukungu, na watoto wanataka kula tunda wakidhani ni nathi za nyumbani, yale matunda madogo ya njano yanayokaa ndani ya ganda.

Anza na ua, maana picha yako haionyeshi. La nathi ni la njano lenye madoa meusi ndani. La mmea wa mapambo wa jamii hiyo, ambao nadhani ndio wako, ni jeupe. Na ganda la nathi likiiva hufifia kama majani makavu, haliwi la chungwa hivi. Majani na matunda mabichi ya mmea huo wa mapambo yana sumu, kwa hiyo watoto waache kabisa. Lililoiva vizuri huliwa, lakini mimi nilionja moja likanikera kwa uchungu. Nathi tamu zaidi mara mia.

Ukungu nao: nadhani unakata baada ya mvua. Mimi hukata mabua siku kavu, taa zikiwa zimegeuka rangi karibu zote, nang'oa kila jani, nafunga matano matano na kuyaning'iniza kichwa chini stoo penye giza na hewa. Jua hupausha rangi.

Zilizoharibika usitupe. Ziloweke kwenye ndoo wiki mbili hivi (inanuka, weka nje), kisha suuza polepole kwa brashi ya meno. Nyama ya ganda inatoka, unabaki na wavu mwembamba wa mishipa, na tunda jekundu linaning'inia ndani.

Halafu mmea wenyewe hamishia kwenye chungu. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini. Kwangu ilitokezea kwa jirani.