Omba slipi ya mshahara hata kama unalipwa kwa simu

Kwa miezi kumi na mmoja niliingiziwa shilingi 428,000 kwenye simu, nikiwa karani wa bohari kule Malaba, upande wa Uganda. Mkataba wangu ulisema 600,000. Nikiuliza, mhasibu hunijibu bila kuinua macho: "Hizo ni NSSF na kodi, dada." NSSF ni mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi. Nami nanyamaza, nani abishane na kodi?

Siku moja mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa akisubiri karatasi zake za forodha, akatoa kalkuleta ya simu tukahesabu. Kodi ya mshahara, ile PAYE, kwa 600,000 ilikuwa 82,000. NSSF ya mfanyakazi ni asilimia 5, yaani 30,000. Basi nilipaswa kupata 488,000. Na zile 60,000 zilizopungua? Ni asilimia 10 kamili, mchango wa NSSF ambao sheria inamtaka mwajiri autoe mfukoni mwake. Bosi alikuwa akiutoa mfukoni mwangu.

Slipi ingenionyesha hayo mwezi wa kwanza. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri akupe maandishi kila anapokulipa: mshahara wako, kila kilichokatwa na sababu yake, na kinachobaki. Tena kwa lugha unayoweza kuielewa. Niliyopewa mimi, baada ya kusumbua wiki mbili, ilikuwa na mstari mmoja: "Makato 172,000." Hata risiti ya duka la mangi ina maelezo zaidi.

Kosa langu lilikuwa kupiga kelele mbele ya wapakiaji. Bosi akaona aibu, akakaza. Wewe andika ujumbe wa kawaida: "Naomba mchanganuo wa makato yangu ya Machi." Ujumbe unabaki kwenye simu, maneno ya uani hayabaki.

Halafu angalia taarifa yako ya NSSF. Slipi inaweza kupendeza na pesa isifike. Kwangu miezi mitatu ilikuwa mitupu. Na wakikwambia "sisi ni wadogo", tangu 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja analazimika kuchangia.

Mimi nilimaliza kwa afisa kazi wa wilaya, na mkataba na picha za ujumbe wa malipo mkononi. Nimerudishiwa ya miezi saba. Ile minne bado tunavutana.